Mlango wa Dawa Katika Kukatazwa Pombe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Mas-ala haya hutujia mara kwa mara. Mgonjwa kaandikiwa dawa ya kikohozi, kasoma kwenye karatasi kuwa ndani yake mna alkoholi, akaiacha na huku anaumwa. Mwengine naye anakunywa brandi tupu, akiulizwa husema ni dawa. Wa kwanza amejibana pale sheria ilipompa nafasi, na wa pili amejihalalishia haramu. Ili tuone ubaya wa njia zote mbili, tuanze na mfano wa wasiokuwa Waislamu.

Nchini Marekani, jimbo la Maine lilipiga marufuku pombe mwaka 1851, isipokuwa ile ya dawa na ya matumizi ya viwandani, ambayo iliuzwa na wakala wa mji. Aliyeipigania sheria hiyo ni Neal Dow, Meya wa mji wa Portland. Tarehe 2 Juni 1855 watu walisikia kuwa Meya huyo huyo ameweka shehena ya pombe katika jengo la mji. Yeye alisema ni ya dawa, wao wakamwona mnafiki. Fujo zikazuka, askari wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mwaka uliofuata sheria ile ikafutwa.

Marufuku ya nchi nzima, iliyoanza Januari 1920 na kwisha Disemba 1933, nayo ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni wa dawa: daktari aliweza kumwandikia mgonjwa painti moja ya wiski, yaani karibu nusu lita, kwa kila siku kumi. Ajabu ni kuwa mwaka 1916 wiski na brandi zilikwisha ondolewa katika kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo, lakini baada ya marufuku vyeti vya wiski vikawa biashara kubwa. Mlango wa pili ni wa ibada: mvinyo wa makanisani na wa Mayahudi. Hapo wakazuka watu waliojiita marabi ili wapate mvinyo wa kuuza. Mwaka 1922 Louis Ginzberg, mwanachuoni wa Kiyahudi mjini New York, alitoa fatwa ndefu kwamba maji ya zabibu yasiyochachuka yanatosha kwa ibada yao.

Baada ya 1933 kila jimbo liliachiwa mambo yake, na hadi leo ziko wilaya, hasa za kusini, zinazokataza kuuza pombe.

Ama katika sheria yetu, uharamu wa khamri umethibiti katika Suratul Maida, aya ya 90. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Tariq bin Suwayd (R.A.) alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa anaitengeneza kwa ajili ya dawa, naye akamjibu kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Kwa hadithi hii, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii ni kuwa khamri tupu haitumiwi kwa tiba. Lakini aliyekabwa na tonge, asipate kitu kingine cha kuiteremshia, ataiteremsha kwa khamri ili asife. Hiyo ndiyo dharura iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 173: aliyelazimika, bila ya kutamani wala kuvuka mpaka, hana dhambi.

Khamri iliyochanganywa ikapotea ndani ya dawa ina hukumu nyingine. Al-Khatib ash-Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria) ameeleza katika Mughni al-Muhtaj kuwa inajuzu kujitibu kwayo iwapo hakuna kitu tahiri cha kushika nafasi yake. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha mwaka 2002, liliruhusu dawa zenye kiasi kidogo cha alkoholi kinachohitajika katika kuzitengeneza na kisicho na badala, kwa sharti ziandikwe na tabibu mwadilifu.

Basi tofauti iko wapi? Kule ruhusa ilifungwa na cheti, na mwenye cheti hakuulizwa tena. Kwetu ruhusa imefungwa na haja yenyewe: haja ikiondoka, ruhusa nayo huondoka, hata kama cheti kingali mfukoni.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu wasiharakie kujibu kwa neno moja. Muulizeni mgonjwa: ni dawa iliyochanganywa au ni pombe tupu? Aliyeiandika ni tabibu wa kuaminika? Je, ameulizwa kama ipo nyengine isiyo na alkoholi? Ikiwa haipo, mwambieni anywe kwa kiasi alichoandikiwa na atulize moyo wake. Na anayetaka pombe kwa jina la dawa, akumbushwe jawabu alilopewa Tariq.

Wallahu aalam.