Kimya nacho ni habari: kuchagua foni na kujifunza kuitumia Tshangalele



Ziwa letu lilitengenezwa na watu. Ukuta wa Mwadingusha ulifunga mto Lufira karibu na mwaka 1930 ili kupata umeme wa migodi, maji yakapanda, yakafunika bonde zima. Mpaka leo umeme unatoka pale, lakini vijiji vingi vya kando ya maji vinalala gizani. Rezo ya simu nayo tunajua tabia yake: juu ya kilima iko, katikati ya mateti haiko, na siku ya radi, wakati unaihitaji kabisa, ndiyo siku inaweza kukatika. Sasa mtumbwi ukipinduka mbali na kando, mama akishikwa na uchungu usiku upande wa pili, moto wa pori ukielekea kwenye depo ya mahindi, au kuhara kwa maji maji kukianza kwenye kambi ya wavuvi, habari inatembea kwa miguu na kwa kasia. Mara nyingine inafika wakati msaada hauna kazi tena.

Ndiyo maana koperative nyingi zinatuuliza juu ya foni, zile redio za kusema na kujibu. Swali la kwanza huwa: "Tununue ya aina gani?" Ni swali zuri, na tutalijibu. Lakini liko lingine la kutangulia: nani ataisikiliza, na saa ngapi?

Somo kutoka Haut-Uélé

Tarehe 14 mpaka 17 mwezi wa 12 mwaka 2009, waasi wa LRA walipita katika vijiji vya eneo la Makombo, kule Haut-Uélé, kaskazini mwa nchi yetu. Waliua watu wasiopungua 321 na kuteka wengine zaidi ya 250. Dunia ilikuja kupata habari kamili mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 2010, shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti. Miezi mitatu! Vijiji vile vilikuwa mbali, barabara mbaya, simu hakuna. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anangoja kusikia sauti yao kila siku, kimya chao hakikumshtua mtu wa mbali.

Baada ya hapo, Kanisa Katoliki la upande wa Dungu pamoja na mashirika walisimamisha foni kubwa kijiji kwa kijiji. Kilichobadilisha mambo ni saa. Vijiji viliitana kwa saa zilizopangwa, kila siku, hata kama hakuna jipya. Kijiji kikisema "kwetu salama", wote wanajua. Kijiji kisipojibu, wote wanajua pia kwamba kuna jambo la kufuatilia. Hivyo kimya chenyewe kikawa habari.

Sisi huku Tshangalele hatuna vita ile. Tuna maji, upepo, moto na magonjwa. Kanuni ni ile ile.

Aina tatu, kazi tatu

Ya kwanza ni foni kubwa ya HF, ile ambayo misioni na zone za afya wameitumia miaka mingi. Sauti yake inapanda juu angani na kurudi chini, kwa hiyo inaruka milima na kufika mamia ya kilometa. Inataka waya mrefu wa antena kati ya miti miwili, batri kubwa, na mtu aliyefundishwa, juu frekansi nzuri ya mchana siyo nzuri ya usiku. Kama kituo cha afya cha kwenu tayari kinayo, msinunue nyingine: zungumzeni nao.

Ya pili ni foni ya VHF ya kuweka nyumbani au kwenye gari, ya wati 25 hivi, yenye antena juu ya nguzo. Hii ndiyo inafaa kuwa kituo cha koperative kando ya ziwa.

Ya tatu ni foni ya mkono, wati 5 au chini. Hii ndiyo ya mtumbwini. Kwenye ziwa na shamba wazi, chagueni VHF. UHF inafaa zaidi ndani ya majengo ya mji. Hakikisheni pia kwamba foni zote mnazonunua ni za mawimbi ya aina moja. VHF na UHF hazisikilizani, hata zikifanana sura.

Usidanganywe na karatoni

Kwenye karatoni ya foni ya mkono wanaandika kilometa 30, hata zaidi. Hiyo ni kutoka mlima mpaka mlima. Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu kama macho: kinachoziba macho kinaziba sauti, na dunia yenyewe imejikunja. Tufanye hesabu. Antena ikiwa meta 1 juu ya maji, inafika karibu kilometa 4 kabla maji hayajajikunja. Watu wawili ndani ya mitumbwi miwili: 4 na 4, ni 8 hivi, wakiwa mahali wazi. Lakini mtu wa mtumbwi akiita kituo chenye antena kwenye nguzo ya meta 16, ile ya juu peke yake inafika karibu kilometa 16. Ongeza 4 za mtumbwi, ni 20. Kilima au miti minene ikiingia katikati, punguza.

Kumbe pesa ya kutafuta wati nyingi, afadhali inunue nguzo na waya mzuri wa antena. Kutoka wati 5 kwenda 10 hutaona tofauti kubwa. Kutoka meta 1 kwenda meta 16 utaiona siku ile ile. Na nguzo ndefu inaita radi: lazima iwe na waya mnene wa shaba unaoingia ardhini, na wakati wa radi kali antena inatolewa kwenye foni.

Kwa foni ya mtumbwi tazameni alama IP67. Maana yake inavumilia maji ya meta 1 kwa dakika 30. Isiyo na alama hiyo iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na ifungwe kamba kwenye kibidoni kitupu ili isizame.

Batri na jua

Foni ya kituo ya wati 25 inakula kidogo ikisikiliza na inakula sana ikisema. Tuseme inasikiliza saa 12 kwa ampea 0.4: ni ampea-saa 5. Inasema jumla ya nusu saa kwa ampea 6: ni 3. Jumla 8 kwa siku. Batri ya gari ya ampea-saa 50 msiimalize zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Hiyo nusu inawapa siku tatu bila jua. Pano ya wati 50 inatosha kuirudishia siku ya jua la kawaida. Lakini watu wakianza kuchajia simu zao kwenye batri hiyo, hesabu yote inavunjika. Batri ya foni ni ya foni. Andikeni hivyo ukutani.

Ruhusa kwanza

Mawimbi ni mali ya nchi, kama vile barabara. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 ndiyo inaongoza mambo ya telekomu, na ARPTC ndiyo inasimamia frekansi. Msianze kusema kwenye frekansi yoyote mliyoikuta wazi: inaweza kuwa ya polisi, ya ndege au ya mgodi. Ombeni kwa jina la koperative, yenye hati zake, na mumjulishe shefu wa kijiji na utawala wa teritware ya Kambove kabla nguzo haijasimama. Watu wakiona antena bila maelezo, watawaza mengine.

Kujifunza kusema

Kidole kikibonyeza, sikio limefungwa. Hilo ndilo la kwanza kufundisha. Bonyeza, ngoja sekunde moja, sema pole pole, achilia. Ukisahau kidole pale, umewafungia wote njia. Antena ya foni ya mkono isimame wima, usiishike kama fimbo.

Chagueni maneno matatu na kila mtu ayatumie: "kwako" ukimaliza na kungoja jibu, "nimepata" ukisikia vizuri, "mwisho" mkimaliza. Anayeitwa anatajwa kwanza, anayeita baadaye. Hivi:

"Kituo Kapolowe, Kituo Kapolowe, hapa Mtumbwi Saba. Kwako."

"Mtumbwi Saba, hapa Kituo Kapolowe, nakusikia. Kwako."

"Hatari, hatari, hatari. Tuko kwenye mdomo wa mto. Mtumbwi umepinduka. Watu wanne, mmoja ameumia. Tunaomba mashua. Kwako."

Tazameni mpango wake: nani, wapi, nini, watu wangapi, msaada gani. Kituo kinarudia yote kabla ya kutuma msaada, na namba zinasemwa moja moja. Wengine wote wakisikia "hatari" mara tatu, wanafunga mdomo mpaka kituo kiseme.

"Wapi" ndiyo inasumbua, juu ziwani hakuna barabara wala namba za nyumba. Wazee wavuvi wanayo majina ya kila kona, kila kisiwa, kila njia ya kati ya mateti, lakini upande huu wanaita hivi na upande ule vile. Waketishwe pamoja siku moja, wachore ramani, wakubaliane jina moja kwa kila mahali. Nakala ikae karibu na kila foni.

Na mkumbuke kwamba foni haina siri. Jina la mgonjwa halisemwi. Siku ya kubeba pesa ya mavuno haisemwi.

Saa, zamu na ufunguo

Usiku ambao Titanic ilizama, mwezi wa 4 mwaka 1912, meli Californian ilikuwa karibu na ilikuwa na redio nzuri. Lakini ilikuwa na mtu mmoja tu wa redio. Alikuwa amechoka, akazima mashine, akaenda kulala, na muda mfupi baadaye Titanic ikagonga barafu. Watu zaidi ya 1500 walikufa. Ndipo mkataba wa mataifa wa 1914 ulipoandika kwamba meli za abiria zisikilize redio usiku na mchana.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kituo kiwe na watu wanne wa zamu, na kati yao wamama wasipungue wawili, juu wanaume wengi wako majini. Mwito wa wote uwe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na kila saa moja siku ya upepo mkali. Asiyejibu anaitwa tena baada ya dakika 15. Asipojibu mara ya pili, mtu anatumwa kwenda kutazama. Kila mwito unaandikwa kwenye daftari. Habari za kiwavi-jeshi kwenye mahindi au bei ya samaki Likasi zingoje mwito wa jioni, zikiwa fupi.

Foni isifungiwe ndani ya nyumba ya mwenyekiti. Yeye akienda Likasi na ufunguo mfukoni, koperative nzima imezimika. Ikae mahali pa wote, ufunguo kwa mtu wa zamu. Na mara moja kwa mwezi fanyeni zoezi bila kutangaza siku: mtumbwi mmoja uite hatari ya majaribio, mwenye daftari aandike dakika zilizopita mpaka mashua iondoke.

Mkutano mkuu ujao, kabla ya kuhesabu dolari za kununua, jibuni maswali matatu: nani wanne wa zamu, batri mpya itatoka sanduku gani hii ya kwanza ikifa, na nani atatumwa kijiji kikinyamaza? Mkiwa na majina, tuiteni. Tutakuja na foni mbili za majaribio, mmoja wetu apande mtumbwi na mwingine abaki kando, tupime pamoja sauti ya kwenu inafika wapi.