Joto la Dunia Lapigwa kwa Fidla

Ukipewa karatasi yenye tarakimu 133 utaisoma yote? Mimi nakiri nitaiweka kando. Lakini karatasi ya namna hiyo nimeisikiliza hadi mwisho.

Mwaka 2013 Daniel Crawford, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichukua hesabu za NASA za wastani wa joto la dunia kuanzia 1880 hadi 2012, akazipiga kwa selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni. Mashabiki wa taarabu ya Unguja wanaijua.

Kila mwaka ulipewa noti moja. Mwaka 1909, uliokuwa wa baridi kuliko yote, ulipewa noti nzito kabisa ya selo. Kisha kila joto lilipozidi kwa nyuzi 0.03 za Sentigredi, sauti ilipanda nusu toni. Mwanzoni selo inanguruma, inapanda, inashuka. Kuelekea mwisho hairudi tena kule chini ilikoanzia. Inalia juu, nyembamba, hata unatamani inyamaze.

Wapo watakaosema hiyo ni hila, kwani ngazi ya sauti aliichagua mwenyewe. Kweli aliichagua. Lakini hata mchora grafu huchagua ngazi yake, na ni nani humwita mwongo? Miaka yenyewe Crawford hakuipanga.

Tena piga hesabu. Joto likipanda nyuzi 1.8 kupita lile la 2012, hizo ni nusu toni 60, yaani oktava 5 zaidi. Sauti ya huko juu sikio la mzee kama mimi haliisikii.