Gari la Spoti la Zamani: Linunuliwe au Liachwe? Mafunzo Kutoka Fiqhi ya Farasi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Limetufikia swali kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 54. Amepata habari ya gari aina ya Datsun 240Z la mwaka 1972 linalouzwa Nairobi. Gari hilo amelipenda tangu utotoni, kwani marehemu baba yake alikuwa akimsimulia habari za mbio za Safari Rally. Akiba yake inatosha kulinunua, lakini anakiri kuwa akiba hiyo aliianza kwa nia ya Hijja, na bado anadaiwa na dada yake sehemu ya fedha za kiwanja cha urithi. Muuzaji anataka arubuni ndani ya wiki moja, na amesema wazi kuwa gari linauzwa "kama lilivyo". Ndugu yetu anauliza: Je, ni halali kulinunua?

Tumeona jibu lake litawafaa wengi, kwa kuwa haya humfika hata anunuaye pikipiki kuukuu.

GARI LENYEWE

Datsun 240Z ni gari la Kijapani la milango miwili lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Huko Marekani liliuzwa likiwa jipya kwa dola 3,526, bei iliyokuwa chini sana kuliko ya magari mengi ya Ulaya ya aina yake. Katika Afrika ya Mashariki lilipata jina kwa kushinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo huo wa 1973 utengenezaji wake ulikoma.

Basi mwenye kulinunua leo ananunua kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 50, na sehemu kubwa ya bei anailipia kumbukumbu. Hilo peke yake si haramu. Lakini ni vyema alijue kabla hajatoa fedha.

ASILI NI HALALI, NA FARASI NI WA AINA TATU

Asili ya vitu ni uhalali. Katika Suratun-Nahl aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo, kisha akataja kuwa huumba tusivyovijua. Kwa hiyo kupendezwa na kipando kizuri si dhambi.

Hata hivyo, katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewagawa farasi mafungu matatu kwa kutazama hali ya mwenyewe. Yuko ambaye farasi wake ni thawabu kwake, yuko ambaye farasi wake ni stara kwake, na yuko ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi. Huyu wa tatu ni yule aliyemfuga kwa kujifaharisha na kujionyesha. Na wa pili, mwenye stara, ametajwa kwa sifa ya kutoisahau haki ya Mwenyezi Mungu.

Tazama, ndugu msomaji: mnyama ni yule yule, na hukumu zimetofautiana. Kwa hiyo swali la ndugu yetu halimaliziki kwa neno "halali". Linabaki kwenye mambo matatu: fedha hizo zina haki za nani, analijua kweli analolinunua, na analinunua kwa ajili ya nini.

HAKI ZINAZOTANGULIA

La kwanza ni deni. Fedha za dada yake si akiba, ni amana iliyochelewa. Ikiwa muda wa kulipa umefika na dada anaidai, kumchelewesha hali ya kuwa na uwezo ni dhuluma, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya kuchelewesha kwa tajiri. Na fungu la mwanamke katika urithi limekadiriwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Si jambo la kumwomba avumilie ili kaka yake anunue gari.

La pili ni Zaka. Ikiwa akiba imefika nisabu na imepitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, Zaka ya asilimia 2.5 itolewe kwanza. Kununua gari baada ya mwaka kutimia hakuiondoi Zaka iliyokwisha kuwajibika.

La tatu ni Hijja. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Hijja ni wajibu unaoruhusu nafasi, kwa sharti mtu aazimie kuitekeleza na asikhofu kushindwa baadaye kwa maradhi au ufukara. Imamu Ahmad na wanavyuoni wengine wengi wanaona ni wajibu wa papo hapo kwa mwenye uwezo. Mwenye miaka 54, ambaye akiba yake yote ingeishia kwenye gari, hawezi kusema kwa utulivu kwamba hakhofu kushindwa. Hata kwa kauli nyepesi ya madhehebu yetu, hapa pana hatari.

KULIJUA GARI KABLA YA MKATABA

Mtume (s.a.w.) amekataza uuzaji wenye gharari, yaani wenye kutojulikana kunakoelekea hasara na ugomvi. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona hakisihi kuuzwa kwake. Basi picha za simu hazitoshi. Aende mwenyewe Nairobi pamoja na fundi mwaminifu, au amuwakilishe mjuzi wa kukagua na kufunga mkataba.

Na akague nini? Adui mkubwa wa gari hili ni kutu. Bodi yake ndiyo inayobeba gari zima. Haina chasisi ya kutenganishwa kama lori. Kwa hiyo kutu kwenye sakafu chini ya viti, kwenye mihimili iliyo chini ya sakafu hiyo, mahali pa kuwekea betri na chini ya milango ni udhaifu wa gari lenyewe, si uchafu wa kupaka rangi. Apitishe sumaku kwenye bodi: pasiponasa, huenda bati limeliwa na pamezibwa kwa puti. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na zilizomo katika logibuku, na jina la mwenye gari lilinganishwe na la muuzaji, kwani mtu hauzi asichokimiliki ila kwa uwakala.

Rangi mpya iliyopakwa kuficha kutu inafanana na mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili kiwele kijae maziwa na mnunuzi aghurike. Mtume (s.a.w.) amelikataza hilo, na amempa mnunuzi hiari ya kubaki naye au kumrejesha.

Je, kujaribu kuliendesha? Kuna kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (r.a.). Alimchukua farasi wa mtu kwa kumjaribu kabla ya kumnunua, na farasi akaumia. Wakazozana, wakamweka Shurayh kuwa hakimu baina yao. Shurayh akahukumu kwamba Khalifa amchukue aliyemnunua, au amrejeshe kama alivyomchukua, kwani alimpokea akiwa mzima. Umar hakukasirika, alimteua Shurayh kuwa kadhi wa Kufa. Fundisho ni kuwa anayejaribu gari huku bei ikijadiliwa, dhamana iko juu yake. Wakubaliane kabla ya ufunguo kuwashwa.

"LINAUZWA KAMA LILIVYO"

Wengi hudhani neno hili humwosha muuzaji kabisa. Sivyo. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutohusika na aibu. Mnunuzi akashitaki kuwa ana maradhi. Sayyidna Uthman (r.a.) akahukumu Ibn Umar aape kwamba aliuza bila ya kuyajua. Akakataa kuapa na akarejeshewa. Baadaye alimuuza kwa dirhamu 1,500.

Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, sharti hilo humuondolea muuzaji dhima ya aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua tu. Gari si mnyama. Kwa hiyo aibu ya zamani iliyofichika humpa mnunuzi haki ya kurejesha. Lakini aibu kwa mafakihi ni kile kinachopunguza thamani au kukosesha lengo sahihi, ambacho kwa desturi kitu cha aina hiyo huwa hakina. Viti vilivyochakaa katika gari la miaka 50 si aibu, kwani ndiyo desturi yake. Mhimili uliooza ukazibwa puti ni aibu. Na akiigundua, arejeshe mara moja. Akiendelea kuliendesha kwa raha baada ya kujua, ameridhia.

Njia salama zaidi ni sharti la hiari la siku tatu, alilopewa Habban bin Munqidh (r.a.) aliyekuwa akidanganywa katika biashara. Liandikwe, na wawepo mashahidi.

ARUBUNI NA MINADA

Arubuni ambayo mnunuzi hupoteza akighairi, jamhuri ya wanavyuoni wameikataza, na wafuasi wa Imamu Ahmad wameiruhusu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliiruhusu kwa sharti muda uwekwe. Mwenye kufuata madhehebu ya Shafi asiitoe kabla ya kuliona gari.

Pia asiwe mateka wa bei za minada. Januari 2020 gari moja la aina hii lililotunzwa vizuri mno liliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Wauzaji hutaja bei kama hiyo kupandishia magari yaliyooza. Kumpandishia bei mwenzio huku hutaki kununua ni najshi, nayo imekatazwa. Na anayenunua ili aje kuuza kwa faida ajue kuwa gari hilo sasa ni bidhaa ya biashara: kila mwaka lithaminiwe kwa bei ya soko na litolewe Zaka. La kutumia mwenyewe halina Zaka, kama farasi wa kupanda.

JIBU LETU

Ndugu yetu wa Mombasa: gari ni halali, lakini fedha ulizo nazo leo si za gari. Mlipe dada yako, toa Zaka, jiandikishe Hijja. Mweleze muuzaji ukweli na umwache amuuzie mwingine. Usimfunge kwa ahadi. Hata kumbukumbu ya marehemu baba yako, kuihiji nafsi yako kisha ukamuombea dua Arafa ni bora kwake kuliko gari lililosimama barazani.

Ukirudi salama na Mwenyezi Mungu akakupa ziada, bila mkopo wa riba na bila kuwapunja watu wa nyumba yako, basi litafute tena gari hilo, uende na fundi na sumaku. Siku hiyo, inshallah, litakuwa kwako kama yule farasi wa stara.

Wallahu a'lam.