Mganga Ashike Upanga? Suala la Kuchanganya Taaluma za Mhusika Msaidizi katika Mchezo wa Uigizaji wa Mezani

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi alisikiapo neno "mhusika", mawazo yake huelekea riwayani au jukwaani. Huko humkuta mhusika aliyekwisha kuumbwa na mwandishi, na kazi inayobaki ni kumchambua: je, ni bapa au ni duara? Ni mkuu au ni msaidizi? Upo hata hivyo mchezo ambamo mhusika huendelea kuumbwa kila watu wanapoketi pamoja. Huu ni mchezo wa uigizaji wa mezani, na ulio mashuhuri zaidi ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka wa 1974. Makala haya yanalenga kulijibu swali moja ambalo huwatatiza wachezaji wengi: je, mhusika ambaye kazi yake ni kuwasaidia wenzake aongezewe taaluma ya pili, au abaki na moja?

Mchezo na Wahusika Wake

Wachezaji huizunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi; yeye husimulia mazingira na kuwaigiza maadui. Kila mmoja wa waliosalia humiliki mhusika mmoja, akamsemea na kumwamulia. Jambo lenye shaka likizuka, hurushwa dadu la pande 20. Kwa istilahi zetu za fasihi simulizi, kila aliyeketi pale ni fanani na ni hadhira kwa wakati mmoja.

Kila mhusika ana taaluma. Mwaka wa 1974 taaluma zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Katika toleo la tano la mwaka wa 2014, ambalo kanuni zake ndizo ninazozifuata hapa, zilifika 12. Mhusika huanzia ngazi ya 1 na anaweza kupanda hadi ya 20. Wasaidizi wanaojulikana sana ni wawili. Wa kwanza ni kasisi, ambaye huwaponya na kuwabariki wenzake. Wa pili ni manju, ambaye kwa maneno na muziki humtia mwenzake moyo, naye huyo akapewa dadu dogo la kuongeza kwenye bahati yake: la pande 6 mwanzoni, na la pande 8 manju afikapo ngazi ya 5.

Uzito wa msaidizi huonekana mwenzake aangukapo. Aliyeishiwa alama za uhai hulala akirusha dadu kila zamu yake ifikapo. Akipata 10 au zaidi mara tatu, hali yake hutulia. Akishindwa mara tatu, amekufa. Hapo kasisi au manju huweza kutamka Neno la Uponyaji akiwa umbali wa hadi futi 60, na aliyeanguka akainuka papo hapo. Isitoshe, tamko hilo halimgharimu tendo lake kuu. Katika zamu iyo hiyo kasisi aweza bado kumpiga adui kwa rungu lake. Kwa hiyo, yule anayedhani kwamba msaidizi hukaa tu akiwatazama wenzake wakipigana amekosea tangu mwanzo.

Kanuni za Kuchanganya

Apandapo ngazi, mhusika aweza kuitumia ngazi hiyo mpya kujifunza taaluma nyingine, mradi ana sifa zinazohitajika katika zote mbili. Kasisi sharti awe na angalau alama 13 za busara, na manju alama 13 za haiba. Ngazi hujumlishwa: mwenye ngazi 3 za ukasisi na 2 za umanju ni mhusika wa ngazi ya 5.

Kwa mtazamo wa haraka, huyu ni tajiri wa pande mbili. Lakini tumtazame kwa makini. Nafasi zake za kutamka huhesabiwa kwa ngazi zote 5, kwa hivyo anazo nafasi mbili za daraja la tatu. Matamko yenyewe, kinyume chake, huhesabiwa kwa kila taaluma peke yake. Kama kasisi wa ngazi ya 3, anajua ya daraja la pili; kama manju wa ngazi ya 2, ya daraja la kwanza. Ana chungu kikubwa kisicho na chakula cha kukijaza. Aidha, nyongeza za sifa hupatikana katika ngazi ya 4 ya taaluma, si ya jumla. Hata akifika ngazi ya 6 kwa tatu-tatu, hatakuwa amepata hata moja. Mshika mawili, moja humponyoka.

Kisa cha Almasi

Niruhusiwe kutoa ushahidi wa nafsi yangu. Katika kikundi chetu cha Jumamosi jioni nilikuwa na kasisi. Kufikia ngazi ya 4 nilikuwa nimechoka. Mganga hajigangi, na mimi nilihisi kwamba kazi yangu ilikuwa kuhesabu majeraha ya watu. Ngazi ya 5 ilipowadia, niliitwaa upiganaji bila ya kumwambia mtu. Nilipata upanga mrefu, mtindo wa kupigana na uwezo wa kujiponya mwenyewe kidogo.

Nilichokisahau kilikuwa mkobani mwangu. Wiki mbili kabla, wenzangu walikuwa wamechanga vipande 300 vya dhahabu tukanunua almasi. Almasi ya thamani hiyo ndiyo inayohitajika kwa tamko la Uhuisho, ambalo humrudishia uhai aliyekufa kabla dakika moja haijapita. Ni tamko la daraja la tatu, na kasisi hulipata katika ngazi ya 5 ya ukasisi. Yangu ilikuwa ya 4.

Jioni hiyo mhusika wa mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa amemlea kwa takriban mwaka mzima, alikufa. Wote walinigeukia. Sikuwa na la kusema. Upanga nilikuwa nao, na almasi nilikuwa nayo. Mwenzetu aliikunja karatasi ya mhusika wake polepole, akaitia mfukoni, akasema, "Si neno, ndugu yangu." Kauli hiyo ilinichoma kuliko lawama.

Upande wa Pili

Haifai hata hivyo kuhitimisha kwamba kuchanganya ni kosa daima. Manju huruhusiwa mavazi mepesi tu ya vita. Akitwaa ngazi moja ya ukasisi wa Uhai, hupata ngao na deraya nzito, na kila tamko lake la kuponya huongezewa alama 2 pamoja na daraja la tamko. Neno la Uponyaji la daraja la kwanza hupata hivyo alama 3 za ziada. Hasara yake ni kucheleweshwa ngazi moja katika umanju. Hapo faida inalingana na gharama, kwa sababu taaluma ya pili inaitumikia kazi ile ile ya kwanza. (Katika toleo la 2024, kasisi huchagua tawi lake katika ngazi ya 3, kwa hivyo ngazi moja haitoshi tena kwa hila hii.)

Vilevile, uchovu wa msaidizi si jambo la kubezwa. Hakuna aliyeajiriwa mezani. Mchezaji aliyetwikwa uponyaji kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka ana haki ya kusema kwamba amechoka. Kosa langu halikuwa kutaka upanga; lilikuwa kuutaka kimya kimya.

Hitimisho

Kwa maoni yangu basi, msaidizi asichanganye taaluma kabla ya ngazi ya 5 ya ile ya kwanza, na akichanganya achukue ngazi moja au mbili kwa haja anayoweza kuitaja, wala asigawe nusu kwa nusu. Zaidi ya hayo, awaulize wenzake kwanza. Mhusika msaidizi wa riwayani hutegemewa na msuko tu. Huyu wa mezani hutegemewa na watu, ambao wamekwisha kupanga safari yao kwa kuamini kwamba atakuwa na tamko fulani siku fulani. Ngazi yake inayofuata ni yake, ila ahadi iliyomo ndani yake ni ya wote.

Mimi nilirejea katika ukasisi ngazi iliyofuata. Almasi ile ingali mkobani, na mwenzetu ameumba mhusika mpya. Ni manju.