SOMA MKIA WA JINA KABLA YA KUTUMA PESA

Baada ya mavuno wanunuzi wa mazao huja kijijini. Matangazo ya kamari nayo huja. Huja kwa redio, kwa mabango na kwa simu ya mkononi. Yanasema: beti hapa, ushinde mamilioni! Chini ya tangazo huandikwa jina la tovuti. Tovuti ni kama duka lililo ndani ya simu.

Msimu uliopita mkulima mmoja wa mpunga alinionyesha ujumbe katika simu yake. Aliniuliza, "Bwana Shamba, hawa ni watu wa hapa nchini?" Nilitazama upesi. Niliona herufi tz. Nikamjibu, "Naona ni wa Tanzania."

Jioni ile alituma shilingi 60,000. Alikuwa amezitenga kwa ajili ya mbolea. Kesho yake akaambiwa ameshinda, lakini atume shilingi 30,000 nyingine ili alipwe. Akatuma. Hakulipwa kitu. Mpunga wake ulikosa mbolea.

Baadaye tulikaa tukasoma jina lile herufi kwa herufi. Herufi tz zilikuwa katikati ya jina. Mwishoni palikuwa na com. Mimi nilisoma haraka, naye akapata hasara.

MKIA NI NINI?

Kila jina la tovuti lina mkia. Mkia ni herufi zinazofuata nukta ya mwisho. Mkia tz ni wa Tanzania. Mkia ke ni wa Kenya. Mkia com ulianza mwaka 1985, nao si wa nchi moja. Mkia ag ni wa Antigua na Barbuda, visiwa vya bahari ya Karibi. Nchi hiyo ilianza kutoa leseni za kamari ya intaneti mwaka 1994. Siku hizi iko pia mikia bet na casino. Hayo ni maneno ya Kiingereza ya mambo ya kamari.

KWA NINI WANACHAGUA MKIA?

Mwenye kamari huchagua mkia kama mwenye duka anavyochagua rangi ya kupaka mlango. Akitaka ujue upesi kuwa ni kamari, huchukua bet. Akitaka umwone ni mwenyeji, huchukua tz. Tovuti yake ikifungwa na serikali, huweza kufungua nyingine yenye jina lile lile na mkia mwingine.

Kwa hiyo, mkia si leseni. Mkia hulipiwa ada tu. Hata mkia tz peke yake hauthibitishi leseni. Katika Tanzania, leseni ya kamari hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003. Ni kama mbegu. Hatununui kwa uzuri wa mfuko. Tunatazama kwanza lebo ya TOSCI.

FANYA HIVI

1. Kama jina linaanza na https:// ruka herufi hizo.
2. Soma mpaka ufike kwenye mkwaju wa kwanza, yaani alama hii: /. Simama hapo.
3. Tazama herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho. Huo ndio mkia.
4. Uliza Bodi kama mwenye tovuti ana leseni. Tovuti ya Bodi ni gamingboard.go.tz. Mkia go.tz ni wa ofisi za serikali.
5. Usitume pesa ili upewe "ushindi". Usimpe mtu namba yako ya siri.

Sasa jaribu. Mkia wa kila jina ni upi?

jina.co.tz/zawadi
jina.co.tz.jinalingine.com/zawadi

La kwanza lina mkia tz. La pili lina mkia com. Herufi tz zimewekwa katikati ili kukudanganya.

Ndugu wakulima, hata kamari yenye leseni si kilimo. Mwenye kamari hupata faida kwa sababu wachezaji, wakijumlishwa pamoja, hutoa pesa nyingi kuliko wanazopata. Watoto chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa kucheza. Pesa ya mbolea inunue mbolea.

Tumejifunza kusoma. Basi tusome mpaka mwisho wa jina.