Mgeni wa shule anapotua Tanga: Ajifunze nini, na mwenyeji naye asafiri lini?

Na Mwandishi Wetu, Tanga

WAHENGA walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni usemi ambao haukosi kutajwa pale ujumbe wa wanafunzi na walimu kutoka ng'ambo unapokaribishwa shuleni, huku ngoma zikipigwa, madafu yakikatwa na risala ikisomwa mbele ya mgeni rasmi.

Aghalabu nusu ya kwanza ya usemi huo hutimizwa kikamilifu. Mgeni huja, hulakiwa, hutembezwa na kuagwa kwa zawadi. Nusu ya pili ndiyo yenye utata. Mwenyeji, yaani mtoto aliyempisha mgeni kitanda chake, hupona vipi? Hujifunza nini, na lini naye atakwenda kumtembelea mwenzake?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Jiji la Tanga, ambalo lina udugu wa miaka mingi na miji ya nje. Udugu na Eckernförde, mji wa pwani kaskazini mwa Ujerumani, ulianza mwaka 1963. Ule wa Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ulifuata mwaka 2001, na mwaka 2007 ukaanza ushirikiano na Kemi, mji wa kaskazini mwa Finland.

Udugu wa miji ni makubaliano baina ya halmashauri mbili ya kufahamiana na kusaidiana. Haufungwi na mikataba mizito kama ile ya serikali na serikali, na ndiyo maana hufungua milango kwa watu wa kawaida: wauguzi, wazima moto, wavuvi, na zaidi ya yote walimu na wanafunzi.

Somo la mwaka 1963

Ziara ya kubadilishana wanafunzi si utalii, wala si ufadhili. Mtalii hulipa, huona na kuondoka. Mfadhili hutoa, na anayepokea hushukuru. Katika ziara ya kubadilishana, kila upande huwa mgeni na kila upande huwa mwenyeji kwa zamu yake. Zamu hiyo ikikosekana, jina la kubadilishana linabaki kwenye bango tu.

Mfano mkubwa wa utaratibu huo ulizaliwa barani Ulaya mwaka huo huo wa 1963. Ufaransa na Ujerumani Magharibi, mataifa yaliyokuwa yamepigana vita vitatu katika muda usiozidi miaka 80, yalitia saini mkataba wa urafiki mwezi Januari na baadaye yakaunda ofisi ya pamoja ya vijana. Tangu hapo mamilioni ya vijana wa nchi hizo wamekaa katika nyumba za wenzao. Siri ya mafanikio hayo ni kwamba gharama ziligawanywa na safari zilikwenda pande zote mbili.

Mwaka huo pia ulitoa somo la kinyume. Bulgaria, nchi ambayo watu wake hujivunia desturi ya kumlaki mgeni kwa mkate na chumvi, ilikuwa imewapa nafasi za masomo mamia ya vijana wa Kiafrika. Vijana hao walipounda umoja wao wenyewe, serikali ya kikomunisti ilikataa kuutambua na viongozi wake wakakamatwa.

Februari 12, 1963 wanafunzi waliandamana katika mitaa ya mji mkuu, Sofia, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Wengi wao, ambao pia walilalamikia ubaguzi wa rangi, walifungasha virago na kuondoka nchini humo. Ilidhihirika kwamba mkate na chumvi havitoshi iwapo mgeni hana ruhusa ya kusema anachokiona.

Historia isiyosimuliwa nusu

Kwa mgeni kutoka Ujerumani, Tanga ni darasa lililo wazi. Shule ya Tanga, iliyoanza mwaka 1892, ndiyo iliyokuwa chimbuko la shule za serikali katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Humo walifundishwa makarani na walimu waliotumwa sehemu mbalimbali za koloni, na Kiswahili kikaenea bara pamoja nao kama lugha ya ofisi.

Ujenzi wa reli ulianzia bandarini Tanga mwaka 1893. Mwaka huo huo Dk. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu iliyosalimika safarini ikawa mwanzo wa mashamba yaliyoufanya mkoa huu kujulikana duniani.

Mgeni akiishia hapo, atarudi kwao akidhani historia ya Tanga ilianza meli ya Wajerumani ilipotia nanga. Ni wajibu wa mwenyeji kumpeleka kwanza Tongoni, yapata kilomita 17 kusini mwa jiji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya mji wa Waswahili uliostawi karne nyingi kabla ya ukoloni. Vasco da Gama alipopita pwani hiyo mwaka 1498, alikuta watu wenye miji, dini na biashara yao.

Baada ya hapo ni vyema aelekee Pangani. Ndiko ulikoanza mwaka 1888 upinzani wa watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na ndiko alikonyongwa Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, Desemba 15, 1889. Kijana wa Kijerumani anayesimama mahali hapo pamoja na mwenzake wa Tanga hujifunza jambo ambalo si rahisi kulipata kwa kusoma kitabu akiwa peke yake.

Vivyo hivyo kuhusu Vita vya Tanga vya Novemba 1914. Jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, lilishuka kutoka melini na kushindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Masimulizi ya Ulaya hupenda kumtaja kamanda huyo na nyuki waliowatimua Waingereza. Mara chache hutajwa kwamba sehemu kubwa ya waliopigana upande wake walikuwa askari Waafrika.

Eckernförde nayo ina kisa kinachofanana na hicho. Aprili 5, 1849 meli za kivita za Denmark ziliingia katika ghuba ya mji huo na kushindwa na mizinga michache ya nchi kavu. Meli kubwa iitwayo Christian VIII iliteketea na kulipuka. Wanafunzi wa miji hii miwili wakiwekewa visa hivyo mezani, watakuwa na mengi ya kuulizana: nani hukumbukwa vita vikiisha, na nani husahauliwa?

Dagaa, baiskeli na sinia

Historia ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni maisha ya kila siku, na hapo ndipo ukarimu unapogeuka kuwa elimu.

Eckernförde ni mji mdogo wenye wakazi zaidi ya 20,000, ulio kando ya Bahari ya Baltiki. Umejijengea jina kwa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, wanaokaushwa kwa moshi hadi wakabadilika rangi na kuwa kama dhahabu. Mwanafunzi wa huko anayefika alfajiri kwenye soko la samaki la Deep Sea mjini Tanga hahitaji mkalimani ili atambue kwamba amefika kwa watu wanaoishi kwa bahari kama watu wa kwao.

Kemi nayo hujenga kila mwaka ngome ya theluji inayoyeyuka majira ya joto yanapowadia. Kwa mtoto wa Chumbageni au Ngamiani, ambaye baridi kali anayoijua ni ile ya Lushoto, kuishi wiki mbili mahali ambapo bahari huganda ni somo la jiografia asilolisahau.

Nyumbani kwa mwenyeji mambo madogo ndiyo huwa makubwa. Mgeni hufundishwa kuvua viatu mlangoni, kuamkia wakubwa kwa shikamoo, kutosukuma mlango bila kupiga hodi, na kula kwa mkono wa kulia kutoka sinia moja na wenzake. Hugundua kwamba salamu ya Kiswahili haina haraka: huulizwa hali, nyumbani, safari na afya kabla ya kufikia shida iliyomleta.

Naye hufundisha ya kwao. Huko, kuchelewa dakika 10 huhitaji maelezo, na mtoto anaruhusiwa kumbishia mwalimu darasani bila kuonekana hana adabu. Mwenyeji anayeyasikia hayo halazimiki kuyaiga. Anachopata ni kutambua kwamba anayoyaona ya kawaida ni desturi, na desturi zina sababu zake.

Pamoja na hayo, ukarimu una gharama. Familia inayompokea mgeni hununua godoro, hubadilisha chakula na pengine hukopa ili isiaibike. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe haikutungwa kwa uchoyo. Inafundisha kwamba mgeni anayeshiriki kazi, akachota maji na kuosha vyombo, hupunguza mzigo na huwa mmoja wa nyumba. Shule zinazopanga ziara zingefanya vyema kuwaeleza hivyo wageni kabla hawajafunga safari.

Kikwazo cha safari ya kwenda

Watu wa pwani hawakuanza leo kusafiri na kusimulia walichokiona. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake kwa Kiswahili yakachapishwa Ujerumani mwaka 1901. Martin Kayamba, karani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye aliandika habari za maisha na safari yake.

Hata hivyo, njia ya leo haiko sawa kwa pande zote. Kijana wa Kijerumani huomba viza ya Tanzania kwa njia ya intaneti na kulipa dola 50. Kijana wa Tanga huhitaji cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya Sh. 150,000, ridhaa ya maandishi ya wazazi, barua ya mwaliko, uthibitisho wa fedha za kujikimu na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Sharti pia afike mwenyewe Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole, safari ya takriban kilomita 350.

Wapo wanaokata tamaa kwa kutojua kanuni zenyewe. Ada ya kawaida ya viza ya nchi za Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, lakini kanuni hizo zinawasamehe ada wanafunzi wa shule na walimu wanaowasindikiza katika safari ya masomo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ingawa waweza kufikia siku 45.

Sababu inayoangusha maombi mengi ni shaka kwamba mwombaji hatarejea. Shule ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuiondoa shaka hiyo, kwa kuwasilisha maombi ya kundi zima kwa pamoja, yakiambatana na barua ya mkuu wa shule, ratiba ya masomo inayoonyesha tarehe ya kurejea, na barua ya shule mwenyeji inayoeleza nani atalipia nini.

Kabla ya ngoma kupigwa

Kutokana na hayo yote, shule inayopata barua ya mwaliko ina maswali machache ya kuuliza kabla ya kuandaa risala. Je, makubaliano yanataja safari ya kwenda na ya kurudi, pamoja na mwaka wake? Je, gharama za familia zitakazopokea wageni zimezingatiwa? Je, wanafunzi watakuwa na kazi ya pamoja ya kufanya, au wageni watapewa viti vya mbele na wenyeji wasimame juani?

Swali la mwisho ni la watoto wenyewe. Mwanafunzi wa Tanga asiyewahi kufika Tongoni, Pangani au Mapango ya Amboni, yaliyo umbali wa takriban kilomita nane tu kutoka mjini, hawezi kumwongoza mgeni. Atafuatana naye akisikiliza maelezo kama mgeni wa pili katika mji wake mwenyewe.

Kumpeleka huko hakuhitaji viza wala bima. Kunahitaji basi la shule, mwalimu wa historia na siku moja ya Jumamosi. Shule ikianzia hapo, mgeni atakapowasili atamkuta mwenyeji mwenye la kusimulia, na zamu ya safari itakapofika, kijana huyo ataondoka Tanga akijua anakotoka.