Arizona: Maji, Mpaka na Kura Katika Jimbo la Jangwa

Arizona iko kusini-magharibi mwa Marekani na inapakana na Mexico kwa takriban kilomita 600. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 295,000, karibu theluthi moja ya Tanzania, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu milioni 7.15. Watu hao hawakutawanyika sawasawa. Milioni 4.4 kati yao wanaishi katika kaunti moja tu, Maricopa, uliko mji mkuu wa jimbo, Phoenix. Kaunti nyingine 14 zinagawana waliobaki, na baadhi yake ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda.

Neno jangwa huleta picha ya mchanga mtupu, lakini Arizona haiko hivyo. Kaskazini ni nyanda za juu zinazozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako theluji huanguka kila majira ya baridi. Huko ndiko Mto Colorado ulikochimba Grand Canyon, korongo lenye urefu wa kilomita 446 na kina kinachozidi kilomita moja na nusu, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Karibu na mji wa Flagstaff umesimama mlima Humphreys Peak wenye mita 3,851. Nyanda hizo hukatika ghafla kwenye genge refu liitwalo Mogollon Rim, lililovikwa msitu wa misonobari, kisha nchi inateremka hatua kwa hatua hadi Jangwa la Sonora. Mto Colorado unapoliacha jimbo karibu na San Luis, kwenye kona ya kusini-magharibi, ardhi imebaki mita ishirini na kitu tu juu ya bahari.

Sonora ni jangwa lenye misimu miwili ya mvua, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea vuli na masika atalielewa upesi. Mvua za majira ya baridi huja taratibu, ilhali zile za Julai na Agosti hushuka kwa ngurumo, mafuriko ya ghafla na kuta za vumbi zinazofunika barabara. Kwa sababu ya mvua hizo jangwa lina miti, maua na dungusikakati kubwa ziitwazo saguaro. Saguaro hukua polepole mno. Huweza kufikisha miaka hamsini au zaidi kabla ya kutoa mkono wake wa kwanza, na mkubwa wake hupita mita 12. Sheria ya jimbo inaulinda mmea huo, na anayetaka kuuhamisha kutoka kiwanjani kwake ili ajenge sharti afuate taratibu za idara ya kilimo.

Ugumu wenyewe uko kwenye joto. Tarehe 26 Juni 1990 Phoenix ilifikia nyuzi 50 za Selsiasi. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo za zaidi ya nyuzi 43, na kaunti ya Maricopa ikathibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa na makazi, na wengine ni wazee waliokutwa ndani ya nyumba zenye viyoyozi vilivyoharibika. Phoenix ilianzisha ofisi maalumu ya kushughulikia joto mwaka 2021. Umeme nao umekuwa suala la uhai: kampuni zilizo chini ya mdhibiti wa jimbo zimewekewa mipaka ya kumkatia mteja umeme kwa sababu ya deni katika miezi ya joto kali. Mdhibiti huyo ni tume ya watu watano, nao huchaguliwa kwa kura kama wabunge.

Hata hivyo, lililoijenga Arizona na linaloweza kuibana ni maji. Zamani sana kabla ya Wazungu, watu wanaojulikana na wanaakiolojia kama Hohokam walichimba mamia ya kilomita za mifereji kutoka mito ya Salt na Gila, wakalima mahindi na pamba hadi jamii yao ilipotawanyika katika karne ya 15. Walowezi wa miaka ya 1860 walipofika bonde la Mto Salt waliifukua baadhi ya mifereji hiyohiyo na kuitumia tena. Mwaka 1903 wenye mashamba waliungana katika chama kimoja na kuweka ardhi zao rehani kwa serikali kuu ili wajengewe bwawa. Bwawa hilo, Roosevelt, lilizinduliwa mwaka 1911, na taasisi iliyotokana na chama hicho ingali inagawa maji na kuuza umeme bondeni humo.

Mto Colorado ulikuwa kesi nyingine. Mwaka 1922 majimbo saba yalikutana na kukubaliana jinsi ya kugawana maji yake, lakini Arizona ilikataa kuidhinisha mkataba kwa kuhofia kuwa California ingeyamaliza. Mwaka 1934 gavana Benjamin Moeur alituma hata askari wa jimbo kwenye ukingo wa mto kuzuia ujenzi wa bwawa la Parker, kichekesho ambacho magazeti ya wakati huo hayakukiacha. Mkataba uliidhinishwa mwaka 1944, ugomvi ukaendelea mahakamani, na mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitambulia Arizona fungu la takriban mita za ujazo bilioni 3.45 kwa mwaka.

Kuwa na haki ya maji ni jambo moja, kuyafikisha mjini ni jingine. Mto uko ukingoni mwa jimbo, na watu wako katikati, tena juu zaidi. Mwaka 1968 Bunge la Marekani liliidhinisha mfereji wenye urefu wa kilomita 541, unaoyavuta maji kutoka Ziwa Havasu na kuyapandisha karibu mita 900 hadi Phoenix na Tucson. Ujenzi ulichukua miaka ishirini, kuanzia 1973 hadi 1993. Ili wabunge wa California waunge mkono mradi, Arizona ilikubali sharti kwamba mto ukipungua, maji ya mfereji huo yakatwe kabla ya yale ya California. Sharti hilo lilionekana dogo lilipotiwa saini. Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza upungufu wa maji kwa mara ya kwanza katika historia ya mto, na kuanzia mwaka uliofuata Arizona ilipoteza takriban asilimia 18 ya fungu lake. Wakulima wa kaunti ya Pinal ndio walioumia zaidi.

Chini ya ardhi kuna hazina nyingine ya maji, iliyokuwa ikipampiwa bila hesabu mpaka sehemu fulani za ardhi zikadidimia na kupasuka. Sheria ya mwaka 1980, iliyosimamiwa na gavana Bruce Babbitt, ilibadili mambo. Katika maeneo maalumu yenye watu wengi, mtu hawezi kugawa ardhi na kuuza viwanja vya nyumba bila kuthibitisha kuwa maji ya miaka 100 yapo. Kwa jangwa ni sheria ya busara, na Juni 2023 ilionyesha meno: serikali ya jimbo ilisimamisha vibali vipya kwa mitaa ya pembezoni mwa Phoenix iliyotegemea visima peke yake. Kasoro yake ni kwamba sehemu kubwa ya vijijini iliachwa nje. Huko mwenye kisima kirefu huvuta atakavyo, na jirani mwenye kisima kifupi hubaki na bomba kavu. Kampuni yenye mizizi Saudi Arabia, nchi iliyopunguza kilimo cha malisho kwake ili kuokoa maji, ilikodi ardhi ya jimbo magharibi mwa Arizona, ikawa inalima lusini na kuisafirisha kulisha ng'ombe ng'ambo. Mwaka 2023 gavana Katie Hobbs aliufuta mmoja wa mikataba hiyo ya ardhi na kutangaza kuwa mingine haitaongezwa muda.

Ardhi yenyewe ina wenyewe wengi. Chini ya sehemu moja kwa tano ni mali ya watu binafsi. Serikali kuu inashika karibu asilimia 40, na jimbo linashika mamilioni ya ekari lilizopewa lilipozaliwa, kwa masharti kwamba mapato yake mengi yaende shuleni. Zaidi ya robo ni maeneo ya mataifa ya wenyeji asilia. Jimboni kuna mataifa 22 yanayotambuliwa na serikali kuu, kila moja likiwa na viongozi, mahakama au polisi wake. Kubwa kuliko yote ni Taifa la Navajo, lililoenea hadi New Mexico na Utah, lenye makao yake Window Rock, rais wake na baraza la wajumbe 24. Utawala huo si wa jina tu. Arizona haisogezi saa zake wakati wa kiangazi kama majimbo mengi ya Marekani yafanyavyo, lakini Wanavajo husogeza, na Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi. Dereva anayekatiza huko mwezi Julai huweza kubadili saa mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Wenyeji hao walipewa uraia wa Marekani kwa sheria ya mwaka 1924, lakini Arizona iliwanyima kura mpaka mahakama ya juu ya jimbo ilipoamua vinginevyo mwaka 1948. Katika maji nao wamepigania haki yao. Jamii ya Mto Gila, ambayo mashamba yake yalikauka karne ya 19 walowezi walipogeuza mto huko juu, ilirudishiwa fungu kubwa kwa sheria ya mwaka 2004, na sasa ni miongoni mwa wenye sauti nzito katika kila mazungumzo ya maji. Wanavajo hawakufanikiwa hivyo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mkataba wa mwaka 1868 hauilazimishi serikali kuu kuchukua hatua za kuwapatia maji, na maelfu ya nyumba zao bado hazina bomba.

Mpaka wa kusini ulipatikana kwa awamu mbili. Vita kati ya Marekani na Mexico viliishia na mkataba wa mwaka 1848, uliowapa Wamarekani nchi iliyo kaskazini mwa Mto Gila. Kipande cha kusini, pamoja na Tucson, kilinunuliwa kwa dola milioni 10 kwa makubaliano ya mwaka 1853, kwa sababu Wamarekani walitaka njia ya reli. Mstari uliochorwa ulipita katikati ya ardhi ya Watohono O'odham. Hadi leo taifa hilo lina takriban kilomita 100 za mpaka, na baadhi ya watu wake wako upande wa Mexico.

Maisha ya mpakani yanaonekana vizuri zaidi Nogales, jina la miji miwili inayotazamana, mmoja Arizona na mwingine katika jimbo la Sonora, Mexico. Uzio wa kudumu ulianza kati yao baada ya mapigano ya Agosti 1918, na sasa umekuwa ukuta mrefu wa vyuma. Hata hivyo maji machafu ya miji yote miwili husafishwa katika mtambo mmoja upande wa Marekani, kwa kuwa bonde huteremka kwenda kaskazini na mteremko haujui pasipoti. Malori ya nyanya, matango na pilipili hoho kutoka Mexico hupanga foleni forodhani kila majira ya baridi. Barabara kuu ya Nogales hadi Tucson ndiyo ya pekee ya aina yake nchini yenye vibao vya umbali kwa kilomita.

Ulinzi ulipoimarishwa kwenye miji ya California katika miaka ya 1990, wahamiaji wasio na vibali walielekea jangwa la Arizona, na tangu hapo maelfu wamekufa humo kwa kiu na joto. Mwaka 2010 jimbo lilipitisha sheria iliyowataka polisi kuuliza hadhi ya uhamiaji ya mtu wanayemshuku. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa, ikisema uhamiaji ni kazi ya serikali kuu. Sura nyingine ya uhamiaji ni ya wakimbizi waliopokelewa kwa utaratibu rasmi, wakiwamo Wakongo, Warundi na Wasomali, ndiyo maana Kiswahili husikika katika mitaa kadhaa ya Phoenix na Tucson.

Katika siasa, Arizona ilizaliwa na shaka juu ya wakubwa. Katiba yake ya kwanza iliwapa wapigakura uwezo wa kutunga sheria wao wenyewe, kuzipinga za bunge, na kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake kwisha, hata akiwa jaji. Rais William Howard Taft alikataa kuipokea kwa ajili ya hilo la majaji. Wananchi wakaliondoa, jimbo likakubaliwa tarehe 14 Februari 1912 likiwa la 48, na Novemba hiyohiyo wakalirudisha. Katika uchaguzi uleule wanaume waliwapa wanawake haki ya kupiga kura, miaka minane kabla ya taifa zima. Mwaka 1998 nafasi tano za juu za kuchaguliwa katika serikali ya jimbo zilichukuliwa zote na wanawake.

Bunge lina maseneta 30 na wawakilishi 60, na kwa miaka mingi limekuwa likivutana na wapigakura. Kura ya mwaka 1998 ililizuia kuichezea sheria iliyopitishwa na wananchi, isipokuwa kwa robo tatu ya wabunge na kwa kuendeleza lengo lake. Mwaka 2000 kazi ya kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi iliondolewa mikononi mwake na kupewa tume huru ya watu watano. Wabunge wakashtaki, wakashindwa mwaka 2015. Mwaka 2011 rais wa Seneti, Russell Pearce, mdhamini mkuu wa ile sheria ya uhamiaji, aling'olewa na wapigakura wa eneo lake kwa kura ya kumwondoa.

Wapigakura wengi hutumia karatasi zinazotumwa kwa posta, na kila saini hulinganishwa na iliyo katika kumbukumbu. Karatasi zinazorudishwa siku yenyewe ya uchaguzi huhakikiwa baadaye, kwa hiyo matokeo huweza kuchukua siku kadhaa. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda kwa kura 10,457 kati ya zaidi ya milioni tatu. Ukaguzi ulioagizwa na Seneti ya jimbo mwaka uliofuata ulimkuta mshindi yuleyule.

Kwa zaidi ya karne moja jimbo halikuwa na naibu gavana. Kiti kikibaki wazi, kilirithiwa na katibu wa jimbo, ambaye huchaguliwa kivyake na huenda akawa wa chama kingine. Ilitokea mara kwa mara: mwaka 1988 gavana Evan Mecham alipoondolewa na bunge, mwaka 1997 Fife Symington alipojiuzulu baada ya kutiwa hatiani, na mwaka 2009 Janet Napolitano alipoitwa Washington na nafasi yake kwenda kwa Jan Brewer wa chama pinzani. Mwaka 2022 wapigakura waliidhinisha cheo cha naibu gavana, na kuanzia uchaguzi wa 2026 mgombea ugavana hutaja mwenzake kabla ya siku ya kura.